Ukikimbia nyanda za juu, mwili unalipa kwanza

Septemba 2025, Alphonce Simbu alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Vijiweni maelezo yalikuwa tayari: ni hewa ya Arusha, anakofanyia mazoezi. Ndiyo siri ya Wakenya wa Iten, wakasema wajuzi, kwamba huko juu oksijeni hakuna, mapafu yanatanuka, ukishuka pwani unaruka tu. Ukifungua simu hukosi tangazo la barakoa ya mazoezi inayodai kukuletea mlima sebuleni, wala hukosi mtu anayeuliza kama wiki moja Lushoto inatosha kabla ya nusu marathoni.

Ndani ya maneno hayo kuna ukweli, ila umepangwa kinyume. Siku ya kwanza mwinuko haukupi kitu, unakunyang'anya. Faida, kama ipo, inatokana na mwili kujirekebisha baadaye, na kila sehemu ya mwili ina ratiba yake: pumzi hubadilika ndani ya dakika, figo huchukua siku, damu huchukua wiki, na mengine hayaji mpaka uwe umezaliwa na kukulia huko huko. Ubishi mwingi kuhusu jambo hili unatokana na watu kuchanganya ratiba hizo.

Oksijeni ni ile ile

Tuweke sawa maneno mawili. Mwinuko ni kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Dar es Salaam iko karibu na sifuri, Arusha mjini ni mita 1,400 hivi, Nairobi karibu 1,700, Eldoret 2,100, Iten 2,400, na Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Mgandamizo wa hewa, neno tunalolisikia kila siku kwenye utabiri wa hali ya hewa, ni uzito wa hewa iliyo juu yetu unavyotukandamiza. Ukiwa Kivukoni hewa yote iko juu yako. Ukifika Uhuru, karibu nusu yake umeiacha chini.

Sasa ile hoja kwamba mlimani oksijeni hakuna. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa pale Coco Beach, na ni asilimia 21 pale Uhuru. Kinachopungua ni msukumo wa kuiingiza kwenye damu. Iten msukumo huo ni kama robo tatu ya ule wa pwani, na kileleni Kilimanjaro ni nusu hivi.

Fikiria kituo cha Mwendokasi cha Kimara saa 1 asubuhi. Basi likifungua milango huhitaji hata kunyanyua mguu, umati unakupakia wenyewe, na ndani ya sekunde chache basi limejaa. Njoo saa 5: mchanganyiko wa watu ni ule ule, wanafunzi, wafanyakazi, kina mama wa sokoni, ila ni wachache na hakuna anayemsukuma mwenzake. Basi likisimama muda ule ule linaondoka na viti vitupu. Seli nyekundu za damu ndizo mabasi, na mapafu ndiyo kituo. Ukiwa umekaa, kila seli hupita kwenye mishipa myembamba ya pafu kwa takribani robo tatu ya sekunde. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, moyo unaharakisha damu na muda huo unashuka kuelekea robo ya sekunde. Pwani hata robo sekunde inatosha, maana mlangoni msukumo ni mkubwa. Juu haitoshi.

Ndiyo maana mtu wa Tanga anaweza kukaa Iten anakunywa chai ya maziwa, anaongea, anacheka, haoni tofauti yoyote, kisha akapanda kilima kimoja kwa mwendo wake wa kawaida na kubaki ameshika magoti. Alipokuwa amekaa mabasi yalikuwa na muda wa kujaa. Mazoezi ndiyo yanayoufichua mwinuko.

Dakika za mwanzo, siku za mwanzo

Pande zote mbili za shingo, pale mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani unapogawanyika, kuna kinundu kidogo kinachopima oksijeni ya damu. Oksijeni ikishuka, kinundu hicho kinaamuru pumzi ziwe nyingi na nzito. Moyo nao unaongeza mapigo, kwa hiyo kasi ambayo pwani ilikupa mapigo 140 kwa dakika, huku juu inakupa zaidi. Hiyo ni kazi ya ziada kwa mwendo ule ule. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukikaa juu kwa muda, kiwango cha juu kabisa cha mapigo unachoweza kufikia kinashuka. Gari halina gia ya mwisho. Anayefanya mazoezi kwa kuangalia namba za saa ya mkononi, na asijue hili, ataumia bure.

Uwezo wa mwili kutumia oksijeni unapungua pia. Makadirio yanayotumika sana ni asilimia 1 kwa kila mita 100 baada ya kuvuka mita 1,500, na wanariadha wa kiwango cha juu mara nyingi hupoteza zaidi ya mtu wa kawaida. Sababu yake inafurahisha: mioyo yao inasukuma damu kwa kasi kubwa mno, hivyo mabasi yao ndiyo yanayokaa kituoni muda mfupi kuliko ya wote.

Kupumua sana kuna gharama. Kila pumzi ya ziada inatoa kabonidioksaidi nje, na kabonidioksaidi ikipungua damu inapoteza asidi. Ubongo ukiona hivyo unashika breki: punguza kupumua. Kwa hiyo mwili unavutwa pande mbili, kinundu cha shingoni kinasema ongeza, ubongo unasema punguza. Usiku mvutano huo unasikika kwa masikio. Lala kwenye kibanda cha Horombo, mlimani Kilimanjaro, mita 3,720, usikilize mwenzako: anavuta pumzi tatu au nne nzito, kisha kimya kabisa kwa sekunde kadhaa mpaka unataka kumtikisa, halafu anashtuka na kuanza tena. Wageni huogopa sana wakiona hivyo, ila kwa kimo hicho ni jambo la kawaida.

Wanaosuluhisha ugomvi huo ni figo. Kwa siku kadhaa zinatoa bikaboneti, kemikali inayozima asidi, kwenye mkojo mpaka damu irudi kwenye mizani yake, na breki inaachiwa. Kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kwenye baridi kali, ni kero ambayo kila mpanda Kilimanjaro huilalamikia. Waongozaji wenye uzoefu huifurahia, maana ni ishara kwamba mwili unafanya kazi yake.

Wakati huo huo sehemu ya maji ya damu inapungua. Hapa watu wengi hudanganyika. Mtu anapima wingi wa damu siku ya 3, anakuta himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, imepanda, anashangilia kwamba mlima umeanza kulipa. Seli ni zile zile. Maji ndiyo yamepungua, na moyo sasa una damu kidogo zaidi ya kusukuma. Kwa mazoezi magumu, siku hizi za mwanzo ni mbaya.

Damu inataka wiki, tena inataka chuma

Faida halisi inaanza kimya kimya. Ndani ya saa chache baada ya kufika juu, figo zinaongeza homoni ya erithropoietini, ile ambayo wapenda riadha wanaijua kwa herufi tatu, EPO. Hiyo ndiyo inayouambia uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Namna seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua na kuwasha kazi hiyo ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019.

EPO hufikia kilele katika siku mbili tatu za mwanzo, kisha hushuka. Lakini amri siyo kazi yenyewe. Mabasi mapya yanahitaji kuundwa, na ongezeko la maana linaonekana baada ya wiki tatu au nne za kuishi kwenye mita 2,000 hadi 2,500 hivi. Hata hapo ni asilimia chache tu. Kwa mkimbiaji wa Mashindano ya Dunia asilimia chache ni tofauti ya medali na nafasi ya nane. Kwa mtu anayekimbia nusu marathoni kwa saa 2 na nusu, kulala vizuri na kukimbia mara nne kwa wiki kutampa zaidi. Kwa hiyo wiki moja Lushoto nenda, ni pazuri, ila usiihesabie kwenye damu. Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi, kimo ambacho kinagusa pumzi kidogo na damu hakiigusi sana.

Uboho hauwezi kuunda himoglobini bila madini ya chuma. Mwanariadha anayepanda juu akiwa na akiba ndogo ya chuma anarudi jinsi alivyokwenda, amechoka zaidi. Wanawake wenye hedhi nzito wako kwenye hatari hiyo kuliko wengine, na ndiyo maana makocha makini hupima damu kabla ya kambi na siyo baada yake. Maini, nyama, dagaa na maharage vinasaidia. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha, kwa kuwa chuma kikizidi nacho ni sumu.

Barakoa za mazoezi? Zinazuia hewa isipite kirahisi, basi. Misuli ya kifua inafanya kazi zaidi, lakini hewa inayofika mapafuni ina mgandamizo wa pwani ile ile. Figo hazina habari kwamba umevaa kitu usoni, na EPO haipandi.

Mexico, 1968

Anayetaka kuona haya yote kwa macho aangalie Olimpiki ya Mexico City, mita 2,240. Mbio za mita 10,000 zilichukuliwa na Naftali Temu wa Kenya kwa dakika 29:27.4. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 27:39.4, mali ya Ron Clarke wa Australia. Yaani mshindi wa Olimpiki alikuwa nje ya rekodi kwa zaidi ya dakika moja na nusu, na Clarke mwenyewe, mtu wa Melbourne, alimaliza wa sita akaanguka baada ya mstari akawekewa oksijeni. Kipchoge Keino alichukua mita 1,500, Amos Biwott mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Mamo Wolde wa Ethiopia marathoni. Ni marathoni hiyo hiyo aliyoikimbia John Stephen Akhwari wetu, akamaliza wa mwisho na goti lililofungwa bandeji.

Tazama vizuri, lakini. Temu hakuwa na kasi kuliko watu wa pwani wanavyoweza kukimbia pwani. Alipungukiwa kidogo kuliko wao. Mwinuko uliwatoza wote, waliouzoea wakatozwa nafuu.

Kwenye mbio fupi mambo yaligeuka. Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, na Bob Beamon akaruka mita 8.90 wakati rekodi ilikuwa 8.35. Rekodi yake ilidumu hadi mwaka 1991. Mbio za sekunde 10 hutumia nishati ambayo tayari imo kwenye misuli na hazisubiri oksijeni, huku hewa ikiwa nyepesi na kumzuia mkimbiaji kidogo. Kwa hiyo swali la kama mwinuko ni mzuri au mbaya kwa michezo halina jibu mpaka useme mchezo gani.

Ugumu wa kambi za juu unatoka hapo hapo. Damu inafaidika, lakini miguu haiwezi kwenda kasi ile iliyokuwa inakwenda pwani, na miguu isiyokwenda kasi inasahau. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, walionyesha kwamba wakimbiaji walioishi mita 2,500 na kushukia 1,250 kwa mazoezi waliendelea kuliko walioishi na kufanya mazoezi juu tu, au chini tu. Lala juu, kimbilia chini. Sehemu chache zina jiografia ya kurahisisha jambo hilo kama kaunti ya Elgeyo Marakwet, Kenya: Iten iko ukingoni mwa bonde, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini yake, mwendo mfupi wa gari.

Mlimani ubingwa haukulindi

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba mtu mwenye mazoezi hapati ugonjwa wa mwinuko. Anapata, na mara nyingi anaupata vibaya, kwa sababu miguu yake inamruhusu kupanda haraka kuliko figo zake zinavyoweza kufuata. Kijana wa gym anatangulia, mzee wa miaka 60 anakuja nyuma kwa "pole pole" ya mwongozaji, na kesho yake mzee ndiye anayekula ugali.

Ugonjwa huo unaanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kila usiku kwenye mahali unapolala. Sasa piga hesabu ya njia ya Marangu kwa siku 5: Mandara mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kisha usiku huo huo kuelekea 5,895. Ni karibu mita 1,000 kila hatua. Wanaouza safari hizo fupi wanaziita nafuu, na kwa mfuko ni kweli. Njia ya Machame inatumia akili zaidi: siku ya 3 unapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana ukiwa na kichwa kizito, kisha unateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wageni wengine hununa, wanaona wamepandishwa bure. Yale masaa ya Lava Tower ndiyo mafunzo, na usiku wa Barranco ndiyo mapumziko.

Kuna hali mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Maji yakijaa mapafuni, mtu anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, na kikohozi kinaweza kutoa povu la rangi ya waridi. Ubongo ukivimba, anachanganyikiwa na kuyumba. Mwongozaji mzuri humwambia mteja atembee mstari mnyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashushwa saa hiyo hiyo, awe analia, awe anatukana, awe amelipa dola ngapi. Dawa ya kweli ni kushuka. Kunywa maji mengi hakuzuii ugonjwa huu. Maji ni ya kufidia yale yanayopotea kwa pumzi na mkojo, na yakipita kiasi yanashusha chumvi ya damu, nayo ni hatari nyingine.

Vidonge vya Diamox vinavyotembea mifukoni pale Moshi havikupi nguvu. Vinazisaidia figo kutoa bikaboneti mapema, yaani vinaharakisha kazi ambayo zingeifanya zenyewe. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Na mkimbiaji anayepimwa mashindanoni asiviguse bila kibali, kwa kuwa vimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Mwenye selimundu naye asipande milima mirefu kabla ya kuongea na daktari wake, maana upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda seli zake.

Basi Wakenya wanashindia nini?

Kama milima peke yake ingetengeneza mabingwa, Nepal na Bolivia zingejaza majukwaa ya marathoni. Wala miili ya watu wa milimani haifanani. Wengi wa milima ya Andes, Amerika Kusini, wana himoglobini nyingi, na baadhi yao huzidishiwa mpaka damu inakuwa nzito na kuwaletea ugonjwa. Watibeti wanayo kidogo kuliko ungetarajia, kwa sababu ya jeni walizorithi, na wanapumua zaidi. Waamhara wa nyanda za juu za Ethiopia wameonekana kuwa na himoglobini inayokaribia ya watu wa pwani. Kila jamii imepita njia yake.

Msweden Bengt Saltin alipowapima wakimbiaji wa Kenya miaka ya 1990, hakukuta mapafu ya ajabu. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa sawa na wa wenzao wa Skandinavia. Walichowazidi ni matumizi: kwa kasi ile ile walitumia oksijeni kidogo. Miguu myembamba, utoto wa kutembea na kukimbia, makundi ya watu mia wanaoamka saa 11 alfajiri kugombania nafasi kwenye barabara ya vumbi, na imani kwamba mbio zinajenga nyumba, vyote vimo. Kwa Simbu, mtu wa Singida, hewa ya Arusha imechangia kidogo. Kumpa hewa medali ile ni kumnyang'anya miaka ya kazi.

Mpira wa miguu una somo lake. Aprili 2009 Argentina ya Diego Maradona ilifungwa 6-1 na Bolivia mjini La Paz, mita 3,600 hivi. Miaka miwili kabla, FIFA ilikuwa imepiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, kisha ikalegeza uamuzi wake. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, hivyo timu inaweza kutoka joto la Dar na kupanda Nairobi. Mita 1,700 hazimuui mtu, ila mchezaji wa kati anayekimbia huku na huko ataona pumzi inachelewa kurudi baada ya kila mbio fupi. Safari ya Addis Ababa, juu ya mita 2,300, ni nzito zaidi. Hapo makocha hugawanyika: fika wiki mbili kabla mwili utulie, au ingia karibu kabisa na mechi kabla usingizi haujavurugika. Kufika siku 3 kabla, kama timu zetu zinavyopenda, ni kuangukia katikati ya siku mbaya. Na kipa apigiwe mashuti ya mbali tangu mazoezi ya kwanza, kwa sababu kwenye hewa nyepesi mpira unafika mapema, na ule ambao pwani ungepinda unakuja umenyooka.